Podofilotoksini ya asilimia 0.5: dawa ya masundosundo ya kujipaka nyumbani

Kwa masundosundo (vinyama vya sehemu za siri) laini, machache, yaliyo mahali unapopaona na kupafikia, hii ndiyo dawa tunayoipendekeza mwanzo. Huja katika kichupa cha mililita 3.5, na inakuepushia safari ya hospitali kila wiki, jambo ambalo kwa mtu wa Makunduchi, Unguja, au Micheweni, Pemba, si dogo.

Wengi huiharibu kwenye ratiba. Unapaka asubuhi na jioni kwa siku tatu, kisha unaacha siku nne. Hiyo ni duru moja, na mwisho ni duru nne. Zile siku nne ni sehemu ya tiba: dawa huzuia seli za kinyama zisigawanyike, kinyama hufa na kukauka, na ngozi ya pembeni hupata kupona. Anayepaka siku saba mfululizo hutoka kidonda, akadhani ugonjwa umezidi, akaongeza dawa. Wekundu na mwasho ifikapo siku ya tatu ni kawaida. Ukiona kidonda kinachotoa damu, acha.

Osha kwa sabuni, kausha vizuri, kisha gusisha dawa kwa kijiti juu ya kinyama tu. Isizidi nusu mililita kwa siku, wala eneo la sentimita 10 za mraba. Wakati wa Kaskazi jasho huichukua dawa hadi mapajani, na ngozi nzima ikaungua. Basi paka baada ya kuoga, kaa mbele ya feni mpaka ikauke kabisa, ndipo ujifunge kikoi au kanga. Nguo ya kubana iache. Dawa ina spiriti, iwe mbali na jiko la mkaa. Nawa mikono.

Usiichanganye na podofilini, ile ya kahawia ya asilimia 10 hadi 25. Hiyo ni utomvu wa mmea ambao nguvu yake hubadilika kila mara, hivyo hupakwa na mhudumu mara moja kwa wiki, ngozi ya pembeni ikikingwa kwa vaselini, na huoshwa baada ya saa 1 hadi 4. Anayekuuzia ukajipake mwenyewe anakudhuru. Zote mbili hazifai kabisa kwa mja mzito. Yeye hutibiwa hospitali kwa asidi ya TCA (asidi kali ya kuunguza kinyama) au kwa kugandishwa kwa baridi kali. Ndani ya uke, kwenye mlango wa kizazi na ndani ya njia ya haja kubwa pia usiitie.

Kabla ya kununua, daktari akuangalie. Vinyama bapa vyenye majimaji huweza kuwa kaswende ya hatua ya pili, na hiyo hutibiwa kwa sindano ya penisilini. Damu ipimwe kaswende na VVU.

Dosari yake kubwa: huondoa kinyama, haiui kirusi. Masundosundo mengi husababishwa na kirusi kiitwacho HPV, aina ya 6 na 11, na kurudi ndani ya miezi mitatu ni jambo la kawaida. Kirusi huweza kukaa kimya miezi, hata miaka, kwa hiyo kinyama kilichotokea leo si ushahidi wa mume au mke kutoka nje. Tunaomba hili lieleweke, maana ndoa zinaumia bure. Wote wawili waangaliwe. Kondomu hupunguza maambukizi, haiyazuii yote, na wakati dawa iko mwilini tendo la ndoa lisubiri.

Kinga ya kweli ni chanjo kabla ya kuanza kujamiiana. Tanzania iliianza mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Anayemchanja mwanawe aulize ni ipi: ya aina nne hukinga 6, 11, 16 na 18, ya aina mbili hulenga 16 na 18, zinazoleta saratani ya mlango wa kizazi, wala haizuii masundosundo. Vinyama vilivyokwishatoka, chanjo haivitibu.

Duru nne zikimalizika na vinyama vipo, usinunue kichupa cha pili. Mwombe daktari akuelekeze kwenye kugandisha, kuchoma kwa umeme au kukata.