Pambizo Zangu Ziko Wapi?

Naandika haya nikiwa na hasira niliyodhani itapoa baada ya juma moja au mawili, nayo haikupoa, kwa hivyo msomaji anisamehe pale nitakapopandisha sauti. Duka lenyewe ni la kutengeneza fremu za picha, liko hatua chache kutoka Barabara ya Digo hapa Mombasa, na silitaji jina kwa sababu mwenye duka tunakutana msikitini kila Ijumaa na bado tunapeana mikono, ijapokuwa wangu siku hizi huurudisha upesi.

Nilichowapelekea, kaskazi ilipokuwa inaelekea kwisha, kilikuwa ukurasa mmoja wa katuni. Si nakala iliyopigwa chapa, bali ile karatasi yenyewe ambayo mchoraji aliiinamia mezani kwake Nairobi katika miaka ya 1970, zama za jarida la vichekesho na katuni liitwalo Joe, lililoanzishwa na Hilary Ng'weno na Terry Hirst mwaka 1973 na kuwazoesha wasomaji kujicheka wenyewe hadi lilipokoma mwaka 1979. Mchoraji wangu hakufika kiwango cha hao, na jina lake halijulikani na wengi, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi, na jamaa zake waliniuzia ukurasa huo kwa shilingi 4,000 wakati ambapo hapakuwa na mtu mwingine aliyeutaka.

Ambaye hajapata kuushika ukurasa wa aina hii huenda asielewe ninacholilia. Wachoraji wa wakati ule walichora kwa ukubwa unaozidi ule wa chapa, wakaanza kwa penseli, wakapita juu yake kwa wino mweusi, wakafunika makosa kwa rangi nyeupe inayokauka ikabaki imeinuka kidogo kama tone la nta, na maneno ya wahusika mara nyingi wakayaandika kwenye vipande vya karatasi vilivyobandikwa kwa gundi. Maagizo kwa mpiga chapa yaliandikwa pembeni kwa penseli ya samawati hafifu, kwa sababu filamu ya kamera za matbaa haikuiona rangi hiyo, na hivyo mchoraji aliweza kusema lolote pambizoni bila msomaji wa jarida kujua. Ukurasa wangu ulikuwa na pambizo ya upana wa vidole vitatu kila upande. Juu kulikuwa na agizo la kupunguza mchoro hadi nusu, kushoto palikuwa na duara la kitako cha kikombe cha chai, na chini, hapo ndipo roho yangu ilipokuwa, mchoraji alikuwa amejaribu mara tatu kuchora mkono wa mwanamke anayemimina uji: wa kwanza umekakamaa, wa pili una vidole sita, wa tatu ndio huo aliouhamishia ndani ya kisanduku cha katuni. Vile vidole sita vimenichekesha miaka mingi kuliko kichekesho chenyewe cha ukurasa ule.

Ukurasa huo ulikaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na majarida yangu, ukitiwa kafuri na kutolewa mara kwa mara upigwe na hewa, maana kuhifadhi karatasi Mombasa ni kugombana na bahari. Karatasi ya magazeti ina asidi yake yenyewe, itokayo kwenye mbao iliyosagwa kuitengeneza, ambayo huigeuza manjano kisha ikaikausha hadi inavunjika kama kaimati ya juzi, na hewa yetu ya chumvi huongeza la kwake: pini za katikati hushika kutu, kutu ikatafuna karatasi ikaacha tundu la kahawia, ndipo ukurasa wa katikati unapong'oka wenyewe kama jino la mtoto. Nayavumilia hayo yote. Lisilovumilika ni bei. Yule mzee wa Mwembe Tayari aliyekuwa akiniwekea majarida ya zamani kwenye mfuko wa sukari, akiniuzia shilingi 20 kila moja na la sita akinipa bure, siku hizi nikiokota chochote chenye picha huniomba nisubiri, akavaa miwani, akaangalia simu, kisha akataja 1,500. Amesikia kwamba nakala ya Action Comics namba 1 ya mwaka 1938, jarida la katuni alimotokea Superman mara ya kwanza, iliyouzwa senti 10 ilipotoka, ilinunuliwa Marekani kwa dola milioni 6 mwaka 2024, na nikimweleza kwamba Superman hajapata kukanyaga ndani ya mfuko wake wa sukari hunijibu kwamba cha kale ni cha kale, babangu.

Bei hizo ndizo zilizonipeleka kwenye fremu, nakiri. Kijana mmoja wa Nairobi alinipigia simu akitaka kunipa shilingi 60,000 kwa ukurasa ule, nikakataa, na usiku huo huo nikaanza kuona aibu kwamba kitu cha thamani hiyo kinalala jirani na viatu vyangu vya zamani. Miaka yote ya shilingi 4,000 aibu hiyo haikunijia.

Nilimwambia kijana wa kaunta mambo mawili tu: aweke kioo, na karatasi asiiguse. Sikuyaandika. Aliandika yeye kwenye risiti, picha moja, fremu ya mkangazi, akanitajia siku ya kurudi. Nilirudi siku hiyo, nikaambiwa kesho, nikarudi kesho yake, nikaambiwa baada ya sala ya alasiri, na hayo siyahesabu kuwa kosa kwa sababu sijapata kumwona fundi wa mji huu, wa viatu wala wa mapazia, aliyetimiza siku ya kwanza.

Fremu ililetwa imefungwa kwa magazeti. Niliifungua pale pale juu ya kaunta, na kwa nukta chache nilidhani wamenipa ya mtu mwingine. Visanduku sita vya katuni vilijaa hadi kwenye mbao, safi, vyeupe, na pembeni yake hapakuwa na kitu. Hapakuwa na samawati, wala duara la chai, wala vidole sita. Sahihi ya mchoraji, ambayo iliteremka kidogo chini ya kisanduku cha mwisho, ilikuwa imekatwa kiunoni. Juu ya hayo, karatasi ilikuwa imegandishwa kwa gundi kwenye ubao, imelala sawasawa bila kipovu hata kimoja, kazi ya mtu anayejua gundi.

"Mwanangu, pambizo zangu ziko wapi?"

"Zipi, mzee?"

"Karatasi ya pembeni. Ile iliyokuwa na maandishi na michoro."

"Ah, ile ilikuwa chafu. Tumekusafishia."

Nikamweleza, nadhani kwa upole, kwamba sikuomba kusafishiwa. Akaniangalia kama anavyoangaliwa mtu anayedai chenji ya senti, akasema, "Kwani ilikuwa noti ya benki?" Wenzake wawili waliokuwa wakifuta vioo walicheka. Mimi ni mtu mzima, nimefundisha watoto wa watu kwa miaka isiyopungua 30, na sikumbuki lini mara ya mwisho nilichekwa na watu walioshika matambara.

Mwenye duka aliitwa kutoka nyuma. Alisikiliza huku akihesabu noti, kisha akaniuliza, "Ami, picha si hiyo iko? Mgeni akiingia kwako ataangalia picha, au ataangalia pembeni?" Hapo ndipo nilipotaja 60,000. Sikupaswa kuitaja, lakini niliitaja, na laiti mngeona alivyobadilika. Noti ziliingia mfukoni, kiti kilifutwa, mtu akatumwa kahawa, na mimi niliyekuwa mzee wa karatasi chafu nikawa shekhe wake. Kahawa ile ya heshima iliniudhi kuliko kicheko, kwa sababu kicheko angalau kilinihusu mimi, na kahawa ilikuwa ya 60,000.

Nikamsomea, bila kuombwa, somo zima. Nilimwambia kwamba wanaopanga daraja za majarida ya katuni kule Marekani, kwa mizani inayoanzia 0.5 hadi 10, hawamsamehe aliyepunguza kingo kwa kisu hata kama amezipunguza ili jarida lionekane jipya. Nilimwambia habari ya mchoro ambao Hergé, mchoraji wa katuni wa Ubelgiji, aliuandaa mwaka 1936 uwe jalada la hadithi ya Tintin, mhusika wake maarufu, ukaachwa kwa kuwa kuuchapisha kungegharimu mno, ukakunjwa na kukaa nyumbani kwa watu, na mwaka 2021 ukauzwa Paris kwa zaidi ya yuro milioni 3 ukiwa na mikunjo yake ile ile. Alinisikiliza kwa makini sana. Nilipomaliza aliniuliza kama huyo wa Paris ninayo namba yake.

Kwa hivyo duka hili nyota moja kati ya tano, nikasema moyoni, na hiyo moja ni ya mbao. Maana lazima niseme kweli hata inaponiudhi: fremu yenyewe ni nzuri kupita bei yake. Pembe zimekutana hata wembe hauingii, mkangazi umepigwa msasa ukateleza kama kiganja cha mtoto, na mwenye duka alinirudishia pesa zangu zote bila kudaiwa. Mtu akiniuliza leo mahali pa kupeleka picha ya harusi, nitamwelekeza huko huko. Nikimaliza kumwelekeza nitakumbuka ile noti ya benki, na huenda nikamfuata njiani nimrudishe.

Siku ya tatu niliifungua fremu nyumbani, nikitaka kuona kama gundi inaweza kulegezwa. Ubao wa nyuma ulipotoka kikadondoka kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne, kilichokuwa kimetiwa kama kabari ili kioo kisicheze. Nilikikunjua. Vidole sita vilikuwa hapo, na mkono uliokakamaa kando yake. Sijui niseme nilifurahi au nilighadhibika zaidi, kwa sababu walikuwa hawakukitupa, na walikuwa wamekifanya kabari.

Nikarudi dukani, safari hii nikaipita kaunta bila salamu, Mungu anisamehe, nikaenda moja kwa moja uwani anakofanyia kazi fundi mwenyewe. Ni mzee kunizidi, kibandiko cha dawa kwenye kidole gumba, penseli sikioni. Nilimwonyesha kipande. Alikigeuza, akakitazama kwa muda, akasema, "Nilidhani ni vipimo vya fundi mwenzangu." Mezani kwake palikuwa na ubao ameuwekea alama zake za kukata, mistari na tarakimu kwa penseli, na alama zile kazi ikiisha huondoka pamoja na vumbi la msumeno. Nilitafuta jibu nikalikosa, kwa sababu zile samawati zilikuwa kweli vipimo vya fundi mwenzake, na yeye ndiye mtu wa kwanza katika duka lile aliyezisoma.

Tulipekua sanduku lake la vipande hadi adhana ya magharibi, wazee wawili tumechutama. Tulipata pambizo ya juu, yenye agizo la kupunguza hadi nusu. Duara la chai halikuonekana, limekwenda na takataka, na ile nusu ya chini ya sahihi pia. Alipokuwa akinisindikiza aliniuliza kwa nini sikumwambia yeye mwenyewe asikate, nikamwambia nilimwambia kijana, akatikisa kichwa bila kusema neno, na nadhani kijana yule jioni ile hakulala na masikio mazima.

Hesabu yangu ya nyota imevurugika, basi. Fundi nampa nne, ya tano nimeizuia kwa sababu ya gundi. Kaunta naipa sifuri. Atakayekwenda na apite moja kwa moja hadi uwani, aandike kwa herufi kubwa kwamba karatasi isikatwe wala isibandikwe, na bei asiitaje. Kijana wa Nairobi alipopiga tena nilimweleza yote, akashuka hadi 15,000, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama vile vipande viwili vya pembeni vinauzwa peke yake. Sijamjibu bado.