Kondomu za Salama: maoni ya mke wa mtu, Mbagala

Mimi na mume wangu tunatumia Salama tangu mtoto wa pili aache kunyonya, kwa sababu vidonge vilikuwa vinanipa maumivu ya kichwa. Nazipenda. Zina ulainisho wa kutosha, hatuongezi kitu. Hilo ni kubwa, maana wengi hupaka Vaseline au mafuta ya nazi, na mafuta ya namna hiyo hudhoofisha mpira mpaka unapasuka. Ukitaka zaidi, nunua kilainishi cha maji.

Kabla ya kuchana natazama tarehe ya mwisho wa matumizi, halafu nabonyeza pakiti: nikisikia hewa ndani, ni nzima. Chana kwa vidole, meno yaache. Bana ncha hewa itoke, kunjua hadi kwenye shina, na hayo yote yafanyike kabla uume haujagusa uke. Akishamwaga, ashike ukingo na kutoka uume ukiwa bado umesimama. Hapo ndipo wanaume wengi huzembea, na mbegu humwagikia ndani.

Kinga hii ikitumika hivyo kila tendo, huzuia mimba kwa takriban asilimia 98. Kwa jinsi watu wanavyotumia kwa kawaida, 87. Ikipasuka, wahi vidonge vya dharura ndani ya siku 5, na kuwahi zaidi ni bora zaidi.

Kuna duka mtaani huzipanga dirishani juani. Sinunui pale, joto huharibu mpira. Nanunua kwa dada wa duka la dawa anayeziweka kabatini, na haniulizi maswali.