Kikombe cha slashi cha kuminya: nimekaa nacho mwezi mzima, haya ndo yaliyonikuta

Joto la Tanga la Februari anayelijua analijua, kaskazi inavuma lakini inavuma moto, saa nane mchana umekaa tu barazani hapa Makorora jasho linakutoka na hujafanya kitu. Na mwaka huu wa 2026 mfungo wenyewe umeangukia humohumo. Sasa wanangu wamezoea zile barafu za ubuyu na ukwaju za vimfuko, lakini huyu mkubwa kaona kwenye simu ya baba yake watu wanaminya kikombe halafu juisi inageuka barafu laini palepale, basi nyumba haikulalika, mama nunua, mama nunua. Nikanunua, 15,000, duka la vyombo mjini.

Kikombe chenyewe ni cha silikoni, kina kuta mbili na katikati kuna maji maji yanayoganda. Unakiweka friza mpaka kiwe kigumu, unakitoa, unamimina juisi, unakifinyafinya kwa nje. Ile juisi inayogusa ukuta inaganda kwanza, ukifinya inabanduka na kuchanganyika na nyingine, hivyohivyo mpaka chote kiwe ujiuji wa barafu. Sikatai, inafanya kazi, mara ya kwanza tulivyoona vile vipande vinatokea watoto walipiga kelele mpaka jirani kaja kuuliza kuna nini.

Ila sasa. Boksi limeandikwa masaa manne. Kwa friji langu la mlango mmoja, kale kachumba ka barafu ka juu, masaa manne nimepata juisi baridi, basi. Ikabidi nikipeleke kwa wifi yangu mwenye friza kubwa la kufungulia juu, kikalala usiku kucha, asubuhi ndo kikawa jiwe kweli. Na juisi nayo lazima itoke kwenye friji ishapoa, ukimimina ya kukamua saa hiyohiyo unaminya mpaka vidole vinakufa ganzi na hamna kitu. Halafu ukishatengeneza moja kikombe kimeisha nguvu, unakirudisha friza unaanza kusubiri upya. Mimi nina watu saba wanaofuturu. Saba! Nikigawa kwa zamu wa mwisho atakunywa kwenye Idi. Na hiyo slashi yenyewe ukiiweka mezani ugeuke kuchukua tambi tu ukirudi ishakuwa maji, waja leo waondoka leo.

Kilichonifungua macho ni sukari. Mama mkwe ana kisukari, nikamwekea maji ya ndimu matupu bila sukari, nikaona nimfanyie ya peke yake. Badala ya ujiuji ikatoka sahani ya barafu imeng'ang'ania ukutani na katikati maji, nikachokonoa na kijiko karibu nitoboe. Ya machungwa siku ileile ilitoka laini vizuri kabisa. Yaani sukari ndo inazuia maji yasigande yote kwa pamoja, inayabakiza baadhi kati ya vile vipande vya barafu, ndo maana inakuwa laini. Ikiwa kidogo unapata jiwe, ikizidi haigandi unabaki na sharubati. Machungwa yetu ya Muheza (yale ya kijani nje, mgeni anadhani mabichi, kumbe ni vile tu usiku wa huku hauna baridi ya kuyageuza rangi) yana utamu wake tayari, lita moja naongeza vijiko vitatu vya chakula inatosha. Ukwaju ndo unakula sukari, kwa lita naweka kama gramu 150, na usionje ukiwa wa moto ukadhani umezidisha, ukishaganda utamu unapungua mdomoni.

Baada ya hapo kikombe nikakiacha nikarudi kwenye blenda yangu ya zamani, na wallahi sikuwa na haja ya kununua chochote. Tikiti moja la soko la Mgandini, limekuja kwenye kikapu cha baiskeli, nalikata vipande vidogo, natoa mbegu, natandaza kwenye sinia visigusane halafu friza kwa wifi usiku kucha. Hapa ndo wengi wanakosea, wanasaga tunda bichi na mabonge ya barafu, barafu ikiyeyuka unakunywa maji yenye harufu ya tikiti. Gandisha tunda lenyewe. Ukitoa subiri dakika kumi, weka juisi ya ndimu nusu kikombe chini ndo utie vipande, saga kwa kushtuashtua, washa zima washa zima. Mimi siku ya kwanza niliwasha moja kwa moja na vipande vigumu kama kokoto, blenda ikatoa harufu ya kuungua, nikachomoa mbio. Imepona alhamdulillah.

Embe linatoka zito kama aiskrimu, hilo ndo namba moja kwangu. Nanasi na mtindi tamu ila linywewe papo hapo, mimi nilibakiza kwenye jagi, asubuhi uchungu mtupu, nanasi lisilopikwa lina kitu kinavunjavunja maziwa.

Na kama huna blenda, mimina juisi kwenye sahani pana isizidi vidole viwili, iweke friza, na kila nusu saa ikwangue kwa uma mara tatu nne hivi. Hii ndo iliyomfaa mama mkwe, maana hata bila sukari uma unaivunja kabla haijawa jiwe, ila uilie palepale.

Kwa hiyo nyota ngapi? Kwa mtu anayekaa peke yake na ana friza la maana, tatu, ni kachezeo kazuri, kanaosheka, silikoni haijapasuka mpaka leo japo imeshika harufu ya ukwaju haitoki. Kwa nyumba yenye watoto, moja, na hiyo moja ni kwa ajili ya zile kelele za siku ya kwanza. Hiyo 15,000 ningeongezea kidogo ninunue blenda nyingine ya akiba.

Kikombe sasa hivi anacho mume wangu. Akitoka kazini anakichukua kimeganda hivyohivyo kitupu, anakibandika shingoni, anajilaza kwenye mkeka barazani kusubiri adhana, na ukimuuliza anakwambia ndo kitu bora nilichonunua mwaka huu.