Kifaa cha Mdomoni cha Kupunguza Mkoromo: Tathmini ya Anayelala Pembeni

Anayekoroma hawezi kuwa shahidi wa mkoromo wake, na kwa sababu hiyo tathmini nyingi za vifaa vya kuzuia kukoroma zina kasoro tangu mwanzo: zimeandikwa na mtu aliyekuwa amelala. Hii ninaiandika mimi mke wa mkoromaji, niliyekesha vya kutosha kukisikia kifaa kikifanya kazi na kikishindwa, na niliyeweka simu ya kurekodia kando ya kitanda ili hasira za usiku wa manane zisiwe ndizo kipimo. Kifaa chenyewe ni kile cha plastiki kinachovaliwa juu ya meno ya juu na ya chini kwa pamoja, kikaisogeza taya ya chini mbele kidogo. Tulikinunua katika duka la vifaa tiba hapa Dar es Salaam kwa shilingi 45,000, ndani ya boksi lililoahidi kwa herufi kubwa kwamba mkoromo utakoma usiku uleule wa kwanza. Haukukoma. Hata hivyo kifaa bado kinatumika nyumbani kwetu, na ninadhani kuna wasomaji ambao kingewafaa kuliko kilivyotufaa sisi, kama vile kuna wengine ambao hawapaswi kukigusa kabla ya kuonana na daktari.

Kwa nini kusogeza taya kupunguze kelele? Mtu anapolala, misuli inayolishikilia koo liwe wazi hulegea. Kaakaa laini, yaani sehemu ya nyuma ya paa la mdomo isiyo na mfupa, hushuka pamoja na kimio kinachoning'inia mwishoni mwake; shina la ulimi hurudi nyuma, hasa mtu akilala chali; na kwa kuwa sehemu hii ya njia ya hewa haina mfupa wala gegedu la kuizuia isijikunje, nafasi iliyobaki huwa nyembamba. Hewa inayotakiwa mapafuni hulazimika kupita kwa kasi mahali palipobana, shinikizo lake hapo hupungua, kuta za koo huvutwa ndani, na nyama laini huanza kupigapiga kama pazia kwenye dirisha linaloelekea upepo wa kusi. Huo ndio mkoromo. Sasa, msuli mkubwa wa ulimi umejishikiza ndani ya mfupa wa kidevu, kwa hiyo taya ya chini ikivutwa mbele ulimi nao hufuata, na nafasi iliyo nyuma yake hupanuka. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayotumiwa na mtoa huduma ya kwanza anapoisukuma mbele taya ya mtu aliyezimia ili apate kupumua. Kifaa cha shilingi 45,000 hakina uvumbuzi mwingine zaidi ya huo.

Maandalizi yake yanataka utulivu kuliko muda. Maji huchemshwa na kuepuliwa, kifaa hutumbukizwa kwa sekunde zilizotajwa kwenye karatasi ya maelekezo mpaka plastiki ya ndani ilainike, kisha huopolewa kwa kijiko cha matundu na kupitishwa mara moja kwenye maji ya baridi ili kisiunguze ufizi, ndipo mvaaji anapokiuma. Namna ya kuuma ndiyo inayoamua kila kitu. Taya ya chini inapaswa kutangulizwa mbele kabla ya kuuma, meno ya chini yakiwa sambamba na ya juu. Mtu akiuma huku kidevu kimekaa mahali pake pa kawaida, kifaa hupata umbo la meno yake barabara lakini hakitasogeza chochote. Baada ya hapo vidole hubonyeza midomo na mashavu kwa nje, ulimi husukuma kwa ndani, na hewa pamoja na mate hunyonywa ili plastiki ishike vizuri. Toleo tulilonunua lina reli ndogo pembeni yenye alama za milimita, inayomwezesha mtu kuanza na msogeo mdogo na kuongeza taratibu wiki hata wiki. Hiyo reli ndiyo sababu ninayoiona ya kulipa zaidi ya bei ya vile vya bei ya chini ambavyo ni kipande kimoja kisichorekebishika, kwa maana taya ya mtu mzima haipendi kuamrishwa kwa siku moja.

Usiku wa mwanzo ulikuwa wa mate. Mdomo uliowekewa kitu hudhani umeletewa chakula, na foronya ya mume wangu ililowa kiasi cha kubadilishwa kabla ya alfajiri. Hali hiyo ilipungua yenyewe kadiri alivyozoea. Kilichobaki kwa muda mrefu zaidi ni maumivu karibu na sikio, pale taya inapoungana na fuvu, na hali ya ajabu ya asubuhi ambapo meno ya nyuma hayakutani. Siku moja alikaa mbele ya chapati akiitafuna upande mmoja kisha wa pili, akaniuliza, "Mama Salma, meno haya ni yangu kweli?" Hali hiyo huisha baada ya muda mfupi, na kutafuna taratibu husaidia kuirudisha taya mahali pake, lakini wanaotumia vifaa hivi kwa miaka wanaweza kuona meno yakihama kidogo na namna yanavyokutana ikibadilika kwa kudumu. Anayekusudia kukivaa kila usiku anapaswa kuonana na daktari wa meno mara kwa mara, jambo ambalo boksi halikulitaja popote.

Kuhusu kelele yenyewe, ushahidi wangu ni huu. Kabla ya kifaa, mkoromo ulisikika sebuleni mlango wa chumba ukiwa umefungwa. Baada ya taya kusogezwa vya kutosha, ulibaki mkoromo wa chini ambao feni ya dari iliufunika, na usiku mwingine haukuwapo kabisa. Faida kubwa ilionekana alipolala chali, kwa kuwa ndipo ulimi unapoanguka nyuma zaidi. Ila alipokuwa na mafua, au pua imeziba kwa vumbi la kiangazi, kifaa hakikusaidia kitu, na kilimtesa juu yake, maana mdomo ulikuwa umejaa plastiki na pua haipitishi hewa. Usiku wa namna hiyo alikitoa mwenyewe usingizini, nami nikakikuta chini ya mto.

Lipo jambo moja ambalo kwangu ni zito kuliko kelele. Katika rekodi za simu za kabla ya kifaa kulikuwa na mahali ambapo mkoromo ulipanda, ukapanda, kisha ukakatika ghafla. Ukimya ukadumu kiasi cha mtu kuhesabu pole pole hadi kumi na zaidi. Halafu likaja pumzi la nguvu la mtu aliyeibuka majini, na mkoromo ukaanza upya. Huko si kupumzika. Ni dalili ya ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, ambao njia ya hewa huziba kabisa au karibu kabisa, oksijeni hupungua katika damu, na ubongo hulazimika kumzindua mtu nusunusu ili apumue, bila yeye mwenyewe kukumbuka asubuhi. Madaktari huhesabu kila mkatiko wa pumzi wa sekunde 10 au zaidi, pamoja na vipindi ambavyo pumzi hupungua sana: matukio 5 hadi 15 kwa saa ni ugonjwa hafifu, 15 hadi 30 ni wa kati, na 30 na kuendelea ni mkali. Ugonjwa huu unaambatana na shinikizo la damu na matatizo ya moyo, na humfanya mtu asinzie mchana, hata akiwa nyuma ya usukani.

Hatari ya kifaa hiki iko hapo. Mkoromo ni king'ora, tena ndicho king'ora pekee ambacho mtu wa nyumbani anacho, na kifaa kinachopunguza sauti kinaweza kukinyamazisha huku pumzi ikiendelea kukatika kimyakimya. Karatasi ya maelekezo ilitahadharisha hivyo, lakini katika herufi ndogo za ukurasa wa mwisho, baada ya kurasa za sifa: kisitumiwe na mwenye tatizo la pumzi usingizini bila ushauri wa daktari, wala na mwenye umri chini ya miaka 18, wala na mwenye meno ya bandia, meno yanayocheza au ugonjwa wa kiungo cha taya. Mtoto anayekoroma kila usiku ni kesi nyingine kabisa; mara nyingi kisa chake ni mafindofindo makubwa au nyama za puani, na anayepaswa kumwona ni daktari wa masikio, pua na koo, kama wale wa Muhimbili na hospitali nyingine kubwa, wala si muuza duka.

Sisi tulizipeleka rekodi kwa daktari kabla ya kuongeza msogeo wa taya, na ningemshauri kila mnunuzi afanye hivyo. Mkoromo bila kukatika pumzi, au ugonjwa hafifu na wa kati, unaweza kusaidiwa na kifaa cha taya, ingawa wataalamu hupendelea kile kinachotengenezwa na daktari wa meno kwa vipimo vya mdomo wa mtu mwenyewe. Ugonjwa mkali hutibiwa kwanza kwa mashine inayosukuma hewa puani kupitia barakoa na kulizuia koo lisijifunge, mashine ambayo mwanzo wake ni kazi ya daktari Colin Sullivan na wenzake huko Sydney, Australia, iliyochapishwa mwaka 1981. Mashine hiyo ina nguvu kuliko kifaa chochote cha mdomoni, ila inahitaji umeme usiku kucha, na wengi huichoka barakoa. Kifaa kidogo kinachovaliwa kila usiku kina thamani kuliko mashine iliyofungiwa kabatini, lakini uamuzi huo ni wa daktari aliyeona vipimo.

Dukani tuliuziwa pia vitu viwili vya nyongeza. Plasta za pua, za aina iliyoanza kujulikana Marekani katika miaka ya 1990 kwa jina la Breathe Right, huvuta mbavu za pua kwa nje na kupanua tundu zake; zinamfaa anayekoroma kwa sababu pua imebana, na hazigusi kabisa mkoromo wa koo. Ipo njia ya kujipima bila kununua: weka vidole viwili shavuni kando ya pua, vuta ngozi kuelekea sikioni, kisha vuta pumzi. Hewa ikipita kwa urahisi zaidi, plasta ina uwezekano wa kusaidia. Kwa joto letu la Februari jasho huibandua kabla ya usiku wa manane, isipokuwa ngozi imeoshwa kwa sabuni na kukaushwa vizuri, bila mafuta ya kupaka. Dawa za matone za kuzibua pua ni nzuri kwa siku chache tu. Zikitumiwa kupita wiki, pua huziba upya kwa sababu ya dawa hizo zenyewe. Cha pili kilikuwa mkanda wa kidevu, ambao sina la kuusifu. Unafunga mdomo bila kuisogeza taya mbele, na ukikazwa sana huirudisha nyuma, kinyume cha kile kinachotafutwa.

Yako mambo ambayo hayauzwi dukani na ambayo, kwa mume wangu, yaliongeza faida ya kifaa. Kulala kiubavu ndilo kubwa kuliko yote. Mpira mdogo ulioshonewa mfukoni mgongoni mwa fulana humfanya mtu ageuke mwenyewe bila kupigwa kiwiko. Kwa wanaokunywa, pombe ya jioni hulegeza misuli ya koo kupita usingizi wa kawaida, na baadhi ya dawa za usingizi hufanya vivyo hivyo. Uzito nao una hesabu yake: utafiti mrefu uliofanyika jimbo la Wisconsin, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba kupungua uzito kwa asilimia 10 kuliambatana na kushuka kwa matukio ya kukatika pumzi kwa takriban asilimia 26. Mafuta ya shingoni hulibana koo kwa nje, na ndiyo maana daktari alianza kwa kupima shingo ya mume wangu kwa utepe wa fundi cherehani kabla hata ya kumwangalia mdomoni. Si wanene tu wanaokoroma, lakini. Wenye kidevu kifupi hukoroma wakiwa wembamba, na wanawake wengi huanza wakiwa wajawazito au baada ya hedhi kukoma.

Kwa matunzo, kifaa husafishwa kwa mswaki laini na maji ya baridi kila asubuhi, kikakaushwa na kuwekwa kwenye kijaluba chake chenye matundu. Maji ya moto hukiharibu umbo, na kukiacha ndani ya gari lililoegeshwa juani ni sawa na kukichemsha upya. Ubora wa plastiki ni wa wastani, kingo zake zilihitaji kulainishwa kwa tupa ya kucha upande wa shavu la kushoto, na harufu ya kiwandani ilichukua muda kutoka. Boksi letu halikuwa na anuani ya mtengenezaji, kasoro ambayo siisamehe kwa kitu kinacholala mdomoni mwa mtu; anayenunua atafute jina hilo, na akiwa Tanzania anaweza kuiuliza Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba iwapo bidhaa imesajiliwa.

Ninakipa nyota tatu kati ya tano kwa mtu mzima mwenye meno imara, pua iliyo wazi na mkoromo wa kulala chali, ambaye daktari amekwisha kuhakikisha kuwa pumzi yake haikatiki. Duka halirudishi fedha baada ya kifaa kuumwa, kwa sababu za usafi zinazoeleweka, kwa hiyo karatasi ya maelekezo isomwe mezani kwa muuzaji, ukurasa wa mwisho kwanza, kabla ya nailoni ya boksi kuchanwa.