Lushoto, Morogoro au Rungwe? Uzoefu wangu kwa anayetoka Dar kwenda kutembea milimani

Anayetoka Dar es Salaam kwenda kutembea milimani, bila kuingia gharama za Kilimanjaro, ana mikoa mitatu ya kufikiria: Tanga kwa Usambara ya Lushoto, Morogoro kwa Uluguru na Udzungwa, na Mbeya kwa mlima Rungwe na ziwa Ngozi. Nimeitembea yote, kiangazi na mvua, na kipimo changu si urefu wa kilele. Napima saa za kutembea dhidi ya saa za kukaa garini, halafu naangalia njia inakuwaje ikinyesha. Kwa kipimo hicho, mwenye siku mbili aende Morogoro mjini, mwenye siku nne aende Lushoto, na mwenye chini ya siku tano aiache Rungwe hadi atakapopata likizo.

Nianze na Morogoro kwa sababu usafiri wake umebadilika. Tangu treni ya SGR, ile ya reli mpya ya umeme, ianze kubeba abiria Juni 2024, safari ya Dar hadi Morogoro ni ya takriban saa mbili. Kituo kiko Kihonda, mbali kidogo na katikati ya mji, kwa hiyo tenga hela ya bajaji. Panda treni ya Ijumaa jioni, lala mjini, na Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi uwe umeanza kupanda. Ukianza saa tatu, jua litakukuta kwenye mashamba ya chini yasiyo na kivuli na utafika juu wakati wingu limeshafunga.

Kuna njia mbili kuu. Ya Morningside ni pana na inakwenda hadi kwenye jengo la enzi za Wajerumani, kiasi cha mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Saa mbili hadi tatu zinatosha, na hata mtoto wa miaka kumi anayependa kutembea ataimudu. Lupanga ni habari nyingine. Kilele kina mita 2,138 na mji uko kwenye kama mita 500, kwa hiyo unapanda zaidi ya mita 1,600 na kuzishuka siku hiyohiyo. Watu wengi huumia wakati wa kushuka. Mguu huteleza mbele ndani ya kiatu, kucha za vidole gumba zinagonga ncha na kuvilia damu. Kata kucha siku mbili kabla, chukua kiatu kinachozidi kidogo urefu wa mguu, na kabla ya kuanza kushuka kaza kamba za sehemu ya juu, kwenye kifundo. Beba maji lita tatu kwa kila mtu. Kuanzia unapoingia msitu wa hifadhi unahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na kibali hicho hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, si fedha mkononi. Kishughulikie siku moja kabla, wakati ofisi iko wazi.

Udzungwa iko mkoa huohuo, ila ichukulie kama safari yake peke yake. Kutoka Mikumi mjini hadi makao makuu ya hifadhi, Mang'ula, ni kama kilomita 60. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na huitembelei kwa gari. Humo ni miguu tu. Njia ya maporomoko ya Sanje ndiyo ninayoipendekeza kwa mgeni. Maji yanaanguka jumla ya mita 170 kwa ngazi tatu, mzunguko wake ni kama saa nne, na chini ya poromoko la juu kuna dimbwi la kuogelea. Ukisimama juu unaona mashamba ya miwa ya Kilombero yamenyooka hadi macho yachoke. Msituni wanaishi mbega wekundu wa Udzungwa na ngolaga wa Sanje, aina ya kima, na wote hawa hawapatikani nje ya eneo hili.

Tatizo la Udzungwa ni joto la unyevunyevu. Mang'ula iko chini, mita 300 na kitu, na kivuli cha msitu kinakudanganya kwamba hutoki jasho. Kunywa kabla ya kiu, na tia chumvi kidogo kwenye chakula chako cha mchana. Njia ndefu ya kilele cha Mwanihana huchukua siku tatu na lazima uwe na askari mwenye silaha kwa sababu ya tembo na nyati. Hiyo ipange mapema na ofisi ya hifadhi. Usitegemee kufika asubuhi na kuondoka saa hiyohiyo. Chandarua na dawa ya mbu ni vya lazima huku, wakati Lushoto juu huenda usimwone mbu hata mmoja.

Sasa Lushoto, ambako kama ningelazimika kuchagua mkoa mmoja tu ndiko ningebaki. Basi kutoka Dar ni saa sita hadi nane kutegemea foleni ya kutoka mjini. Ukifika Mombo, barabara inapinda na kupanda kupitia Soni, kilomita 33 za lami, na ndani ya saa moja na nusu umetoka kwenye joto la mkonge ukavaa sweta. Masika, Machi hadi Mei, kipande hicho cha Mombo hadi Soni huporomosha mawe na udongo, na magari huweza kusimama saa kadhaa. Ukisafiri miezi hiyo usipange kurudi siku ileile unayotakiwa kazini.

Ubora wa Usambara ni kwamba milima yake inakaliwa. Unatembea kati ya mashamba ya kabichi, njegere na maharage, unaingia msitu, unatokea kijiji chenye kibanda cha chai na maandazi, na hubebi chakula cha siku nne mgongoni. Irente ni kilomita tano na kitu kutoka mjini; nenda alasiri, kwa sababu asubuhi vumbi na ukungu wa bondeni hufunika uwanda wote wa chini. Msitu wa Magamba, unaotunzwa na TFS, unatosha siku nzima na una mbega weusi kwa weupe. Lakini safari yenyewe hasa ni ile ya Lushoto hadi Mtae: siku ya kwanza kupita Magamba hadi Lukozi, ya pili hadi Rangwi, ambako masista hupokea wageni, ya tatu hadi Mambo au Mtae kwenye ukingo wa milima, ukiitazama hifadhi ya Mkomazi chini yako. Kwa siku ni saa tano hadi saba za kutembea.

Yanayoharibika kwenye njia hii nayajua vizuri. La kwanza ni udongo mwekundu. Ukikauka ni mgumu na una vumbi la kutelezesha. Ukilowa unanata kwenye soli hadi kiatu kinakuwa kizito na hakishiki tena. Raba zenye soli bapa hazifai. Tafuta soli yenye meno marefu yaliyoachana, kwani yaliyobanana hujaa udongo na kuwa sawa na bapa. Kata fimbo au nunua, na itangulize mbele wakati wa kushuka. La pili ni baridi ya Juni hadi Agosti: usiku hushuka hadi nyuzi kumi au chini yake, na nyumba nyingi za wageni zina blanketi moja. La tatu ni basi la kurudi. Kutoka Mtae mabasi huondoka alfajiri, bado giza, na ukilikosa huenda siku nzima ikapotea. Kata tiketi jioni na umwambie kondakta umelala wapi.

Kuhusu waongozaji, stendi ya Lushoto utafuatwa na vijana kabla hujashusha begi. Wapo wazuri sana kati yao, ila omba kitambulisho, muulize mtapita vijiji gani na mtalala wapi, na andikeni bei ikionyesha kama malazi, chakula na kibali vimo ndani. Asiyeweza kukutajia vijiji kwa mpangilio hajaitembea njia hiyo.

Rungwe ni nzuri kuliko zote kwa macho, nasema hivyo bila kusita. Ila Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Mei, na udongo wa majivu ya volkano hufyonza maji mpaka njia inakuwa tope la magotini. Nenda kati ya Juni na Oktoba. Kwa ziwa Ngozi, lililo ndani ya shimo la volkano, njia inaanzia Isongole, na kipande cha mwisho ni mwinuko mkali wa kushika mizizi. Uwe ukingoni kabla ya saa nne asubuhi, la sivyo utaona ukungu mahali pa ziwa. Kushuka hadi majini sikushauri mtu asiye na kamba na mwongozaji: mteremko ni karibu wima na majani yanafunika mashimo.

Kilele cha Rungwe chenyewe, karibu mita 2,960, kinataka saa nane hadi kumi kwenda na kurudi, kwa hiyo tochi ya kichwani ni lazima hata ukianza mapema. Anayetaka maua aende hifadhi ya Kitulo badala yake, na hapo kalenda inageuka: maua hutoka wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, basi buti za mpira zitakufaa kuliko viatu vya kupandia.