Agosti ilinifungua macho: uzoefu wangu wa kufundisha Kiingereza Japani

Mwezi wa tano niliwashauri vijana wawili wa kwetu Mombasa wajiandikishe na kampuni iliyonileta Japani kufundisha Kiingereza. Naomba radhi. Mmoja, alhamdulillahi, alikuwa bado hajatuma vyeti.

Mambo ya viza na tikiti sitayagusa, hayo yamejaa kila mahali. Nina neno moja tu: Agosti.

Hali ni hivi. Niko mkoa wa Ibaraki, nafundisha shule mbili za msingi za serikali, leo hii, kesho ile. Lakini mimi si mwajiriwa wa shule wala wa mji. Mji unailipa kampuni, kampuni inakata chake, kinachobaki ndicho changu. Wenzetu walioingia kwa JET, mpango wa serikali yenyewe ulioanza 1987, hupokea mshahara wao kila mwezi, shule iwe wazi au imefungwa. Ukituona darasani hututofautishi. Wote twaitwa ALT, walimu wasaidizi wa lugha, wote twainua kadi za picha na kupiga makelele "apple!" mpaka koo likauke. Tofauti iko benki.

Nina rafiki wa Tanga aliyeomba kazi hii pamoja nami. Akakataliwa, kwa sababu wanataka uwe umesomeshwa kwa Kiingereza miaka 12, naye shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili. Nilimpa pole siku ile. Ilikuwa nimpe hongera.

Mwaka wa shule huku huanza Aprili. Mshahara wangu wa kwanza uliingia mwisho wa Mei. Hapo katikati nililipa kodi, nikampa mwenye nyumba ile pesa yao ya ahsante ambayo ukishaitoa umeitoa, nikatafuta viatu vya kuvaa ndani ya shule, na kwa mguu wangu wa namba 46 nusura nivikose. Pesa hizo zote zilitoka kwa Mama, zamu yake ya chama. Sikulalamika, maana hilo walinieleza mapema.

Agosti hawakunieleza. Haya, tusiseme uongo: iliandikwa. Ukurasa wa saba wa mkataba, mstari mmoja, kwamba mwezi wenye siku chache za kazi mshahara utahesabiwa kwa siku. Niliusoma mstari ule nikiwa Likoni, na sahihi nikatia. Nani angefikiri mwezi mzima utakuwa wa siku chache? Likizo ya kiangazi huanza karibu na tarehe 20 Julai, watoto hawarudi mpaka Agosti ikatike. Na kwa kuwa mshahara huchelewa mwezi, kilio changu kilianza mwisho wa Septemba, ndani ya duka la 7-Eleven, mbele ya mashine ya kutolea pesa. Nimezoea kuona laki mbili kasoro kidogo baada ya makato. Nikaona yeni 91,000 na ushei. Nikatoa kadi, nikaifuta kwa shati, nikairudisha. Yeni 91,000 na ushei. Mashine ikanishukuru kwa sauti ya kike yenye adabu kuliko mtu yeyote niliyezungumza naye wiki ile.

Kodi yangu ni 46,000. Kuna bima ya afya, umeme, simu. Na Mombasa muhula wa tatu ulikuwa umeshaanza, mdogo wangu yuko kidato cha tatu, ada nilikuwa nimeahidi mimi.

Nikampigia msimamizi wetu. Huyu ni mgeni kama mimi, naye alianza kwa kuinua kadi za picha kabla ya kupewa meza. Nikamweleza pole pole, nikidhani kuna kosa la hesabu.

"Kosa lipi?" akasema. "Kwani Agosti ulimfundisha nani?"

Nikanyamaza kama maji ya mtungi. Akaona labda sijaelewa, akaongeza kwamba walimu wengi huutumia mwezi ule kuitembea nchi, wakapanda Mlima Fuji na kadhalika. Kisha akacheka. Kile kicheko ndicho kinachonifanya niandike haya. Angesema samahani moja tu, hata ya mdomoni, pengine leo ningekuwa nimelala.

Maana hesabu zao huenda upande mmoja tu. Kwa mkataba, saa ya chakula cha mchana ni mapumziko yangu, hailipwi. Mapumziko gani? Nakaa na wanafunzi 35 kwenye viti vya watu wafupi, kila siku darasa jingine, magoti yakigonga meza, nikijibu kama kwetu kuna simba mtaani. Mwalimu mkuu msaidizi aliniomba nikae nao, na kweli nitamkataliaje mtu anayeniinamia kila asubuhi?

Na hapa ndipo hasira yangu hukosa nguvu. Orodha ya chakula cha mwezi hubandikwa ukutani, na kanji, herufi ya Kijapani, ya kwanza niliyoijua maishani mwangu ni ya nguruwe. Siku zikifika za nguruwe nala nilichofungasha nyumbani. Basi kuna mtoto mmoja wa darasa la nne ambaye hakuna aliyemtuma. Nikipita kwenye ujia asubuhi tayari ameshakwenda kuisoma orodha, yuko mwisho kule ananingoja. Ikiwa nguruwe, anapishanisha mikono kifuani kama X, uso umekunjamana kama wa hakimu. Ikiwa samaki, anainua mikono juu ya kichwa na kufanya duara, kisha anakimbia. Kiingereza hajui, na hana haja nacho. Kwa mtoto huyu pekee ningetoa nyota tano, lakini yeye si mali ya kampuni.

Wala yule mwalimu wa darasa lake si mali yao. Sijui alijuaje, mimi sikumwambia mtu. Wiki ileile nilikuta chini ya meza yangu mfuko wa mchele mpya, kilo kumi, wa shamba la wazazi wake, hauna karatasi wala neno. Nilipomshukuru alijifanya anatafuta kalamu.

Nilipika wali wa nazi, tui la kopo. Mchele wao unashikana, ukatoka kama mkate wa sinia uliokosa hamira. Nikala wote.

Kwa hiyo kazi nimeipenda, kampuni ndiyo sitaki kumsikia mtu akiitaja. Mkiweza, tafuteni mji unaoajiri wenyewe moja kwa moja. Mkikosa… sijui. Juzi nilisema msije kabisa, leo nasema njooni na akiba ya miezi mitatu. Mama ananiuliza kama Januari nitatuma. Desemba nayo ina likizo.