Uzoefu wangu: matibabu ya fizi katika kliniki ya meno, Tabora mjini

Kilichonifanya niiamini kliniki niliyotibiwa hapa Tabora mjini ni kwamba daktari alipima kwanza, akanieleza alichokiona, ndipo akashika vifaa vya kusafishia. Fizi zangu zilikuwa zikitoa damu kila nilipopiga mswaki, na majirani walinionya nisikubali kusafishwa, eti meno yakisafishwa hulegea.

Alichukua kipimo chembamba cha chuma chenye alama za milimita, akakipitisha taratibu kati ya ufizi na jino, sehemu sita kwa kila jino, huku akimtajia msaidizi wake namba za kuandika: mbili, tatu, mbili, kisha kwenye magego ya chini tano, sita. Alinieleza kuwa hadi milimita 3 ni kawaida, lakini kuanzia 4 huenda ufizi umeachana na jino na kufanya mfuko ambao mswaki haufiki. "Mama, ukoga ukikaa humo unakuwa mgumu kama jiwe, fizi zinavimba, na uvimbe huo ndio unaomaliza mfupa unaoshika jino," alisema. Hapo nikaelewa kwamba jino hulegezwa na ugonjwa wenyewe, ila ukoga ukishatolewa na uvimbe ukashuka, nafasi zilizokuwa zimezibwa huonekana, na watu huilaumu kliniki.

Nilimuuliza pia kuhusu mume wangu, ambaye anavuta sigara na fizi zake hazitoi damu. Akasema tumbaku hubana mishipa midogo ya damu, kwa hiyo fizi za mvutaji zinaweza kuoza kimyakimya bila dalili hiyo. Katika mkoa unaolima tumbaku kama wetu, maelezo haya yanastahili kubandikwa katika kila chumba cha kusubiria wagonjwa.

Usafishaji wenyewe ulifanyika kwa ganzi, kwanza kwa mashine inayotetemeka na kurusha maji, kisha kwa vifaa vya mkono chini ya ufizi, na sikusikia maumivu zaidi ya kukandamizwa. Kwa siku kadhaa meno yalisisimka nikinywa maji baridi, kama nilivyotahadharishwa. Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini nilipewa kwa muda mfupi tu, kwa kuwa ikitumika muda mrefu huacha madoa ya kahawia kwenye meno.

Kasoro ninayoiona ni ya mapokezi: nilitajiwa bei ya usafishaji wa kawaida, na kwamba usafishaji wa chini ya ufizi una bei yake nikaambiwa wakati wa kulipa. Mgonjwa anastahili kulijua hilo kabla ya kukaa kwenye kiti, hivyo ulizeni mapema.

Baada ya miezi mitatu nilipimwa tena. Damu imekoma, na mifuko mingi imepungua hadi 3 au 4, ingawa mfupa uliokwisha kupotea haurudi kwa kusafishwa. Gego moja bado linasoma 6. Daktari amelisafisha upya, na lisipobadilika atalazimika kuufungua ufizi kwa upasuaji mdogo ili aufikie mzizi.